Mkono Usiochoka

Msusi hakuwa mwongo wa kusomea. Uongo wake ulikuwa ule wa saluni, wa kumwambia mteja mwenye nywele chache kwamba zimeanza kujaa, au wa kumwambia anayesubiri kwamba amebaki mmoja tu mbele yake. Uongo wa aina hiyo haumuumizi mtu, na mteja mwenyewe huwa anaujua. Ndiyo maana siku Daktari alipomwita ndani peke yake na kumwacha mchumba wake nje kwenye benchi, aliingia bila wasiwasi, akapakata mkoba wake na kusubiri kusifiwa.

Maana sifa zilikuwa nyingi siku hizo. Mchumba wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ilikuwa vigumu kupata simu iliyokufa ikamshinda kuifufua, alipigwa na kiharusi mwanzoni mwa mwaka, kijana bado, bisibisi mkononi. Mdomo ulirudi. Mguu nao ulirudi, kwa kuchechemea. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Ulikuwa unaning'inia ubavuni kama mgeni asiyejua akae wapi, na Fundi alikuwa akiutazama kwa hasira iliyomkosesha Msusi usingizi.

Kisha hospitali ikamchukua kwenye utafiti. Utafiti wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuishi nao. Mkono mzima, yaani wa kushoto, ulivishwa glavu nene isiyoruhusu kushika hata kijiko, kuanzia asubuhi mpaka jioni, ili ule wa kulia ulazimike kufanya kazi. Hakuna mtu wa nyumbani aliyeruhusiwa kumsaidia. Na kwenye kifundo cha mkono mgonjwa kilifungwa kidude kama saa, ila hakionyeshi saa. Kazi yake ilikuwa kuhesabu kila mkono unapojongea. Daktari alikiita kipimo. Wao walikiita saa.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye miwani na haraka, aliyeuanzisha utafiti huo mwenyewe na kuutetea mbele ya wakubwa wasioamini mambo ya glavu. Aligeuza kompyuta ili Msusi aone.

"Kila wiki huwa nawaonyesha jumla tu. Leo nimefungua saa kwa saa. Unaiona hii milima?"

"Naiona."

"Ni asubuhi. Kila siku kuanzia saa mbili mpaka karibu saa sita mkono wake haupumziki. Mchana umetulia kabisa. Asubuhi huwa anafanya nini?"

"Mazoezi," Msusi akajibu. "Anajitahidi sana, Daktari."

"Mazoezi gani?"

"Kukunja nguo. Kufuta meza."

"Saa zote hizo?"

"Ni mtu wa bidii."

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti lake jeupe, akairudisha usoni taratibu.

"Mdogo wangu, mimi nimeshinda na mikono ya watu wa kiharusi miaka mingi. Inafanya kazi kidogo, inatetemeka, inachoka, inapumzika, ndipo inaanza tena. Huu hauchoki. Hata wangu mimi unachoka, huu hauchoki. Halafu nikimkalisha mezani nikampa vifungo vya shati avitoe bakuli hili avitie lile, anahamisha vichache tu, na jasho linamtoka. Sasa niambie. Huu mkono ni wa nani?"

Angeweza kukana. Lakini vidole vyake vilikuwa vimelala juu ya mkoba, virefu, vyenye alama ya uzi wa kusukia, na Daktari alikuwa akivitazama hivyo hivyo.

"Ni wangu," akasema.

Ilianza kwa jambo dogo. Saa ilitakiwa kuchajiwa usiku, lakini kwa kina Fundi umeme ulikuwa unakatika usiku karibu kila siku, basi Msusi akajitolea kuipitia asubuhi, aichaji saluni, airudishe mchana. Wiki ile ya kwanza Daktari alikuwa amewaambia kwa upole kwamba mkono umelala mno, na kwamba mtu ambaye hautumii mkono wake utafiti hauwezi kumsaidia. Msusi akasikia kwamba watamtoa. Nyumbani nako shangazi yake, aliyemlea na mwenye kauli ya mwisho, alikuwa ameshatamka kwamba harusi isipangwe mpaka huo mkono uonekane unafanya kazi. "Ukiolewa hivi hivi utakuwa nesi, hutakuwa mke," ndivyo alivyosema. Asubuhi moja saa ikawahi kujaa chaji. Msusi akaivaa, asuke nywele za kichwa kimoja tu. Jumla ya wiki ikapanda, Fundi akacheka kwa mara ya kwanza tangu augue. Ukimwona mtu unayempenda anacheka hivyo, kesho yake huivui.

"Nilikuwa namsaidia," akasema sasa.

"Najua. Sikuiti mtu mbaya." Sauti ya Daktari haikupanda. "Ila acha nikueleze ulichofanya. Kiharusi hakikuupiga mkono, kiliupiga ubongo. Mkono wa kushoto ukifanya kila kitu, ubongo unausahau wa kulia kabisa. Sisi tunajaribu kuukumbusha. Hatujui bado kama njia hii inafaa kwa mtu kama yeye, ndiyo maana tunapima. Mimi nilikuwa nakaribia kuandika kwamba inafaa sana. Wangeisoma wenzangu mbali huko, wakawavisha watu glavu miezi na miezi, wakiwatesa. Kwa sababu ya vidole vyako."

Msusi akavikunja vidole, akavificha chini ya mkoba.

"Na kuna kinachoniuma zaidi. Mwezi uliopita alikuwa hawezi kuhamisha hata kifungo kimoja. Sasa vichache anaviweza. Hicho ni chake kweli. Lakini kimefunikwa na chako, hakionekani."

"Utamtoa?"

"Hesabu za kipimo za wiki hizi naziondoa zote, na wenzangu nitawaeleza kwa nini. Yeye kuendelea na mazoezi, mlango uko wazi akitaka. Lakini lazima ajue, na ajue leo. Useme wewe au niseme mimi?"

Msusi akasimama. "Nitasema mimi."

Nje, Fundi alikuwa amekaa na glavu yake mapajani, akimweleza mama mmoja wa jirani kwenye benchi namna simu inavyokufa kwa maji. Alipomwona Msusi, uso ukamfunguka. Alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, ya kumtazama kana kwamba amerudi safari ya mbali, hata akitoka kununua vocha tu. Leo macho yale yalimchoma.

"Amesemaje? Maana mmekaa ndani kama mnanipangia upasuaji."

"Twende nyumbani."

"Tupitie dukani kwanza. Mwenye duka kaniambia meza yangu bado ipo, hajampa mtu. Nimemwambia mwezi ujao nipo. Nimemwambia mkono unafanya kazi kuliko wa kwake."

"Twende nyumbani," Msusi akarudia, na njia nzima hakusema lingine. Fundi alichechemea kando yake akipiga mluzi.

Mama yake Fundi alikuwa ameshaandaa chakula. Mama huyo na Msusi walikuwa na adabu nyingi kati yao na mazungumzo machache. Aliamini kimoyomoyo kwamba binti mzuri namna ile, anayeshinda mbele ya vioo, siku moja ataamka na kuondoka, na alikuwa akiisubiri siku hiyo bila haraka. Msusi naye kila mchana alikuwa akirudisha saa mlangoni na kukimbilia wateja wake. Hakuwahi kukaa kula nao.

"Leo unakaa?" mama akauliza.

"Nakaa, mama. Nina neno."

Mama akaingia jikoni kuleta maji, ila hakwenda mbali. Mlango wa jikoni wa nyumba ile haukuwahi kumficha mtu neno.

Msusi aliona bora aseme kabla hajakaa vizuri. "Yale matokeo ya wiki zote hizi si yako. Ni yangu. Nilikuwa naivaa saa nikisuka."

Fundi alicheka kwanza. Kisha akamtazama, akaona yeye hacheki.

"Unasema?"

"Ikijaa chaji naivaa. Nasuka nayo. Mchana nakuletea."

"Siku ngapi?"

"Karibu zote."

Mkono wa kulia ulikuwa umelala mezani, vidole vimejikunja, na Fundi akautazama kama mtu anayemtazama ndugu aliyemwaibisha.

"Nilimwambia mwenye duka," akasema.

"Najua."

"Nimewaambia watu, Msusi. Nilikuwa nikilala usiku nasema, leo nimefanya kazi. Nikiamka siwezi kufunga zipu, najiambia ni uvivu wa asubuhi tu, mbona Daktari anasema jumla inapanda. Kumbe mimi nimelala, wewe ndiye unayefanya kazi."

"Niliogopa watakutoa. Niliogopa na shangazi."

"Shangazi yako alitaka kuona mkono wangu. Ukamwonyesha wako."

"Nilifanya kwa sababu nakupenda."

"Hapana. Ulinionea huruma." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Mtu unayempenda unamwambia. Unamwambia, wewe bwana, mkono wako umelala, uamshe. Huruma ndiyo inayodanganya."

Msusi alilia kidogo, bila kelele, akajifuta kwa kiganja. Kisha akavua pete ya uchumba. Ilimpa shida kwenye kifundo cha kidole kama kawaida yake, lakini ilitoka. Akaiweka mezani, kati ya bilauri na sahani.

"Kama umeona ni huruma, chukua pete yako," akasema. "Mimi siwezi kukushika kwa nguvu."

Wote wawili waliitazama. Mama akaingia na bakuli la maji kana kwamba hakusikia neno hata moja, akaliweka, akamshika mwanawe mkono wa kushoto, akaivuta ile glavu, akaitundika kwenye egemeo la kiti. Akamwekea kijiko katika mkono huo mzima. Alifanya yote hayo kwa wepesi wa mtu aliyezoea, akili yake ikiwa kwenye pete.

Msusi akaitazama glavu kitini. Kisha akamtazama Fundi.

"Glavu unavua ukila?"

Mama akajifanya kupanga sahani.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo," mama akasema, na kidevu kikamwinuka. "Sasa nimtazame mwanangu anamwaga chakula kifuani kama mtoto mchanga? Mimi nimemzaa. Wao hawakumzaa."

"Na ukiona vifungo vya shati vinamshinda?"

"Namfunga."

"Na kuoga?"

"Mama, basi," Fundi akasema.

"Hapana, niambie," Msusi akasema, lakini sasa alikuwa anamwambia Fundi. "Mimi nilimdanganya Daktari. Haya, nimekosa, na nimekuja kusema. Wewe unamwambia kila wiki kwamba glavu haivuliwi. Wewe umemwambia nani ukweli?"

Fundi alikuwa ameshaanza kukunja vidole vya kushoto kuzunguka kijiko. Akakiangalia. Kisha akakiweka chini. Uso wake ulibadilika polepole. Hasira haikwisha, ila ilipata mahali pengine pa kukaa, ndani yake mwenyewe.

"Mnanipenda sana nyumba hii," akasema hatimaye. "Mmoja ananivalia saa, mmoja ananilisha, na mimi nimekaa katikati kama bwana harusi. Mtanipenda hivi mpaka nizeeke na mkono huu huu."

Mama akaitazama glavu kwenye egemeo la kiti.

"Nivalishe glavu, mama."

"Kula kwanza."

"Nivalishe."

Akamvalisha. Fundi akainua mkono wa kulia kutoka begani, kwa sababu bega ndilo lililokuwa likitii, akaubeba mpaka juu ya pete. Vidole vilishuka. Vilipapasa kitambaa, vikaigusa pete, vikaisukuma badala ya kuishika. Akajaribu tena. Msusi aliona jasho likimtoka juu ya mdomo, na mkono wake mwenyewe ukainuka bila kuambiwa. Aliukamata kwa mwenzake na kuurudisha chini.

Pete iligonga bilauri, ikabaki hapo.

"Iache," Fundi akasema akihema. "Asiiguse mtu. Sahani zipite pembeni."

"Mpaka lini?" Msusi akauliza.

"Mpaka niiokote. Nikiiokota nitakuvisha, kama bado utakuwa unataka."

"Na usipoiokota?"

Alifikiri. Hakutafuta neno tamu, na Msusi alimshukuru kwa hilo baadaye. "Basi nitakwambia kwamba sikuiokota. Sitakudanganya, na wewe hutanidanganya. Tutaanzia hapo."

Jioni ile Msusi alimweleza shangazi yake, ambaye tangu jumla zipande alikuwa ameshaanza kupanga tarehe za harusi, kila kitu, tangu kichwa cha kwanza alichosuka na saa mpaka pete mezani. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba alijua, kwamba alishasema, na kwamba hakuna msichana wa ukoo ule aliyewahi kuposwa na meza. Kisha akauliza, "Sasa?"

"Sasa tunasubiri."

"Nani anasubiri?"

"Mimi, shangazi. Wewe tarehe zako zifute."

Akawa anakwenda kila siku baada ya kazi, anakaa kiti cha upande wa pili, mikono chini ya mapaja. Hakugusa saa tena. Mama sasa aliipeleka mwenyewe kwa jirani kuchajiwa, na kuirudisha imefunikwa kwa leso. Chakula kilimwagika. Shati la Fundi lilifungwa vifungo vya kupishana, na siku nyingine halikufungwa kabisa. Kuna jioni alisukuma sahani ikaanguka, akasema maneno ambayo mama yake hakujua kama anayajua. Daktari alipompima alisema mjongeo ni mdogo, akasema tena kwamba ni mdogo, halafu akatabasamu, kwa sababu safari hii mkono ulikuwa unachoka.

Pete ilitembea. Siku moja Msusi aliikuta karibu na chumvi. Siku nyingine ilikuwa imerudi ilikotoka. Mama alipanga vyombo akiizunguka, na akifuta meza alifuta kwa kuikwepa, kwa uangalifu kama anafuta uso wa mtoto aliyelala. Alasiri moja ya Jumapili Msusi aliingia akaikuta ukingoni kabisa mwa meza, na Fundi ameinama juu yake, ulimi nje kidogo, sura ile ile aliyokuwa nayo zamani akichokonoa simu.

"Amehangaika nayo tangu chakula cha mchana," mama akasema kutoka mlangoni mwa jikoni. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi: "Sijamsaidia."

Msusi akakaa.

Juu ya meza bapa pete ilikuwa haishikiki; hilo Fundi alishaligundua. Ndiyo maana aliisogeza mpaka ukingoni, nusu ikaning'inia hewani. Sasa alileta dole gumba kutoka chini na ubavu wa kidole cha shahada kutoka juu. Vikakutana. Pete iliinama, ikataka kudondoka, haikudondoka. Mkono ukainuka nayo.

Mama alishika fremu ya mlango.

"Nimeishika," Fundi akasema.

"Naona."

"Lete mkono."

Msusi akaukunjua mkono wake wa kushoto juu ya meza. Fundi akauleta wake polepole, ukitetemeka, mpaka ukafika, na hapo ukagoma. Mkono uliopigwa na kiharusi hujifunza kufumba kabla ya kujifunza kufumbua, na vidole vile viwili vilikuwa vimebana mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

"Siwezi kuachia," akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Nimeishika, sasa siwezi kuiachia."

"Pumzika kidogo."

"Nikipumzika unazidi kubana."

Mama alipiga hatua moja kuja mezani. Akasimama. Akarudi, akakaa kwenye kigoda chake na kujifunga mikono kifuani.

Msusi alivuta kiti mpaka magoti yao yakagusana. Pete ilikuwa imebanwa kwa ncha tu, tundu lake likimwelekea yeye. Akanyoosha kidole.

"Tulikubaliana hakuna kunisaidia," Fundi akasema.

"Sikusaidii," Msusi akamwambia, akipenyeza kidole ndani ya pete mpaka kikagusa vidole vyake. "Nakuja mwenyewe."